Shangazi Kati ya Mabango Mawili

Shangazi alikuwa kobe. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii kuna mtu hunipa pole, akidhani ni dada wa baba yangu aliyenyimwa jua mpaka akaacha kula. Alikuwa kobe wa nchi kavu, jike, mkubwa, gamba lake limeinuka katikati kama kikapu kilichofunikwa kifudifudi. Jina hilo alipewa na wafanyakazi kwa sababu ya namna alivyompokea mtu. Hutoa shingo polepole, hukutazama kuanzia viatuni, hupanda mpaka usoni, kisha hugeuka kwenda zake bila kusema alichokiona. Nina mashangazi wawili waliokuwa hivyohivyo.

Zizi lake lilikuwa kwenye bustani ya makumbusho ya viumbe, mbele kabisa, ukishapita geti tu. Ukuta wake wa mawe ulifika magotini. Ndani mlikuwa na mchanga, nyasi za kumtosha, na sahani ya saruji iliyochimbiwa chini, ya kunywea maji. Mzee wangu ndiye aliyemtunza. Aliajiriwa pale kufagia, kijana bado hajanioa, akaongezewa na kazi ya kobe kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Mimi nilikuja baadaye, watoto walipokua, nikapewa chumba cha kuwekea mizigo ya wageni. Mtu anaacha mfuko wake, nampa kibao chenye namba. Akirudi ananipa kibao, nampa mfuko. Nimewekewa miavuli, matikiti, cherehani, na mara moja kuku hai aliyetaga kabla mwenyewe hajarudi. Dirisha langu linatazama zizi la kobe, kwa hiyo mengi ya haya sikuhadithiwa.

Miaka yote palikuwa na kibao kidogo cha bati kilichoandikwa: KOBE. ANAKULA MAJANI. USIMKALIE. Watu walisoma, wakamtazama, wengine wakamkalia vilevile, Mzee akawainua. Maisha yakaendelea.

Kisha tukaletewa mkurugenzi mpya, mama msomi, mwembamba, mwenye haraka, ambaye viatu vyake ungevisikia kabla hujamwona. Alisimama mbele ya kile kibao akashika kiuno. Akasema taasisi ya sayansi haiwezi kumwambia mgeni "usimkalie" ikaishia hapo. Akamwita Mtaalamu, bwana mpole wa mifupa iliyogeuka mawe, akamwagiza aandike kitu cha maana. Mtaalamu akaandika kwamba wazee wa ukoo wa kobe walikuwa wakitambaa juu ya dunia hii zaidi ya miaka milioni mia mbili iliyopita, kwamba walibadilika kidogokidogo, na kwamba gamba ni mbavu zilizotanuka. Hiyo ya mbavu mimi niliipenda. Nilikwenda kumtazama Shangazi upya, nikamwonea huruma kidogo, kutembea na mbavu nje.

Jumamosi iliyofuata alikuja mfanyabiashara wa magodoro na wajukuu zake. Aliniachia miavuli miwili na mfuko wa viazi. Alisoma lile bango mara ya kwanza kimya, mara ya pili akivuta masharubu, mara ya tatu kwa sauti. Alipokuja kuchukua viazi vyake aliniuliza, "Mama, hapa mkubwa ni nani?" Nikamwonyesha mlango. Sikujua kwamba ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Waumini, kamati ambayo dini zote za mji ule zilikuwa na mtu wake ndani.

Alirudi na kamati nzima. Walisimama kando ya zizi, Mkurugenzi na Mtaalamu upande wa pili, Shangazi katikati anatafuna.

"Mama Mkurugenzi, hatukuja kugombana," alisema Mwenyekiti. "Kobe ni wetu sote. Lakini hapa aliyemuumba hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Miaka milioni mia mbili. Bwana Mtaalamu, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi."

"Na wewe siku ya kuumbwa kobe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nimehabarishwa."

"Na mimi nimehabarishwa," alisema Mtaalamu. "Na mawe."

"Mimi nimehabarishwa na mwenye mawe."

Mkurugenzi alitazama saa yake. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo, na siku ile aliyamaliza kwa namna iliyotuletea balaa lote. Alisema kutakuwa na mabango mawili, moja la sayansi na moja la waumini, sawa kwa sawa. Urefu mmoja, upana mmoja, rangi kutoka kopo moja. Upande mmoja ukiongeza, na mwingine unaruhusiwa kuongeza kiasi hichohicho. Wote wakatikisa vichwa. Ukawasikia wanapumua.

Ikabaki mahali pa kuyaweka. Yakisimama pamoja, kuna moja litakalosomwa kwanza na mgeni anayeingia, na kila upande ulitaka liwe lake. Wakakubaliana yatazamane, zizi katikati, yasimame juu ya ukuta, mgeni aanze kusoma anakotaka. La waumini likawekwa upande wa mawio, la sayansi upande wa machweo. Seremala aliyepewa kazi alikuwa mkwe wetu, mume wa binti yetu wa pili, mtu wa penseli sikioni na maneno mengi.

Waumini nao hawakuandika bango lao kirahisi. Walitaka kutaja siku ambayo kobe aliumbwa, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama ni wa kundi la majini au la nchi kavu. Wakamwita Mzee.

"Mzee, huyu anaogelea?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ukimtia majini anazama."

"Anazama kabisa, au anazama halafu anaibuka?"

"Sijawahi kumwacha nione."

Wakajadili mpaka mchana. Mwishowe waliandika kwamba kobe aliumbwa kwa hekima, akapewa nyumba mgongoni, siku yake ilipofika. Wote wakaridhika. Hata mimi niliridhika. Nasali asubuhi na jioni, na sikuona kama yale mabango mawili yalikuwa na ugomvi mkubwa wa kunihusu. Kama Mungu alichukua miaka milioni mia mbili kutengeneza kobe, basi ukimwona kobe anavyotembea unaelewa.

Lakini Mtaalamu alisoma maneno ya "nyumba mgongoni" akaona lazima aeleze tena habari ya mbavu, kwa mchoro. Mkwe wetu akaongeza ubao juu. Waumini nao wakawa na haki ya ubao mmoja juu, wakaujaza. Walichoandika kikataka jibu. Mkwe wetu alikuwa kila wiki juu ya ngazi, leo upande huu, kesho upande ule, na kamba ya kupimia mdomoni.

"Mwanangu, waambie basi, yatosha," Mzee alimwambia.

"Baba, mimi nimwambie nani? Nikishuka huku wananiita kule. Jana nimeulizwa mimi ni wa upande gani. Nimesema upande wa misumari."

Sasa nieleze habari ya jua, maana hapo ndipo jambo lilipoharibika. Kobe damu yake haijipashi moto yenyewe. Asubuhi anatafuta jua kama sisi tunavyotafuta chai. Bila jua tumbo lake halifanyi kazi. Jua la asubuhi lilipita juu ya bango la mawio likaangukia chini ya bango la machweo, na Shangazi akaenda kulala hapo, chini ya sayansi. Alasiri jua lilihamia upande wa pili, naye akajikokota akalala chini ya waumini. Amefanya hivyo maisha yake yote, kabla hata hapajawa na bango.

Bahati mbaya kamati ya waumini ilikuwa ikipita asubuhi, kabla ya kwenda kufungua maduka yao. Kila walipokuja walimkuta Shangazi kaegemea bango la sayansi, macho kafumba, raha mustarehe. Mtaalamu na wenzake walishinda ofisini, wakatoka jioni. Kila walipotoka walimkuta chini ya bango la waumini.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Alimvuta Mzee kando, karibu na dirisha langu. "Mzee mwenzangu, tuambiane ukweli. Unamwekea chakula kule?"

"Chakula nakiweka katikati."

"Sasa mbona anawapenda wale?"

"Anapenda jua, bwana. Njoo alasiri utamkuta kwako."

"Alasiri nina duka."

Jioni yake Mtaalamu naye, kwa upole wake, mikono nyuma. "Mzee, mimi sikulaumu. Kila mtu ana imani yake. Lakini mnyama wa maonyesho asifundishwe kuegemea upande."

"Anafuata jua, Mtaalamu. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

"Najua. Lakini mgeni hajui. Mgeni anaona kobe kamsujudia bango."

"Njoo asubuhi basi umwone kwenye lako."

"Asubuhi nina mifupa."

Mzee alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye kiti chake akiwa na viatu. Tangu nimwoe, au tuseme tangu anioe, sijamwona akikaa na viatu ndani. "Nimeambiwa nina upendeleo," alisema. "Na pande zote mbili." Akacheka kidogo, kicheko cha kukosa la kufanya.

Mashtaka yakamfikia Mkurugenzi, naye akayamaliza tena. Uchorwe mstari wa chokaa katikati ya zizi, na saa za wageni kobe awe juu ya mstari. Akitoka, mtunzaji amrudishe. Na awe ameelekeza kichwa getini, asimtazame mtu wala kumpa mtu kisogo.

Nawaambia, kumbeba Shangazi si kubeba mtungi. Mzee aliinama, akamkumbatia, akamvuta mpaka kwenye chokaa, akageuza kichwa chake kuelekea getini. Alipofika kivulini kupangusa jasho, Shangazi alikwisha inuka anaelekea juani. Akamrudisha. Akainuka. Wageni wakakaa ukutani wanatazama kama mpira. Mgongo wa Mzee ukaanza kulia kama bawaba. Jioni nilikuwa nikimsugua kwa mafuta ya moto, naye kifudifudi ananiambia kila safari ilivyokuwa.

Mabango nayo yalikuwa yamepanda. Jua lililokuwa likiingia zizini lilikuwa la adhuhuri tu, limenyooka juu ya utosi. Halafu mvua ikanyesha kwa upepo, rangi ikachuruzika. Neno "milioni" likashuka likaingia kwenye mchoro, na upande wa pili "hekima" ikabaki nusu. Pande zote mbili zikaja zimefura. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, wakakubaliana jambo: lijengwe paa la bati, kutoka bango hadi bango, kukinga maandishi yote sawa kwa sawa. Walipeana mikono. Mwenyekiti alimkumbatia Mtaalamu.

Mkwe wetu akapigilia bati. Zizi likawa giza kama stoo.

Shangazi alizunguka siku ya kwanza akitafuta. Alikwenda chini ya sayansi, akaenda chini ya waumini, akarudi. Halafu akasimama popote alipokuwa, akaingiza kichwa. Mzee akamsogeza kwenye mstari, naye hakuondoka tena. Mwenyekiti alipita asubuhi akamkuta kwenye chokaa, kichwa getini. Mtaalamu alipita jioni akamkuta palepale. "Ametulia," walisema wote. Mkurugenzi alisema, "Unaona, Mzee? Ilikuwa ni mazoea tu."

Hakuwa ametulia. Alikuwa ameacha kula. Mzee alimwekea majani ya maboga, akayakuta jioni yamesinyaa. Akamwekea tango, papai, maua mekundu ambayo zamani ungempeleka nayo mwisho wa dunia. Alimwekea mbele ya pua, akalala kifudifudi kwenye mchanga amsemeshe. Hakutoa shingo. Macho yalikuwa yamevimba na miguu imekuwa baridi kama ya mtu wa hospitali.

Nyumbani Mzee naye alisukuma sahani. "Nilimkuta pale," aliniambia. "Na aliyenitangulia alimkuta. Na wa kabla yake. Kila mmoja amemkabidhi mwenzake yu hai. Afie mikononi mwangu kwa sababu ya ubao?"

Nilimwambia awaambie tena.

Akawaambia. Alikwenda kwa Mtaalamu, mimi nikiwa nimemsindikiza maana mgongo ulikuwa mbovu. Mtaalamu alikuwa na brashi ndogo anapangusa taya la mnyama.

"Ni kweli anahitaji jua," alisema. "Paa litoke. Mimi naunga mkono kabisa."

"Ahsante, mwanangu," nilisema.

"Wao wapunguze kwanza lao, mama. Wakishusha ubao mmoja, na sisi tunashusha. Tukishuka wa kwanza itaonekana tumeshindwa hoja."

"Kobe anakufa, mwanangu."

Aliweka brashi chini. Alikuwa na huruma ya kweli, niliiona usoni. "Mama, mimi wangu ni waliokwisha kufa. Huyu hayuko kwenye idara yangu."

Tukaenda dukani kwa Mwenyekiti. Alitukalisha kwenye godoro jipya lenye nailoni yake, akatuletea soda. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa uchungu. "Tutamwombea," alisema, na najua hakuwa akitania. "Na bango tutashusha. Ila wao ndio walioanza kupanda. Aliyeanza kupanda ndiye anayeanza kushuka, au mnaonaje?"

Kila tulipojisogeza ile nailoni ililia. Mzee alisema, "Mimi sioni kitu, bwana. Kule ndani ni giza."

Mkurugenzi alisema suala litaingia kwenye kikao kijacho cha pamoja. Nilipouliza kikao ni lini, alisema tarehe inajadiliwa, kwa sababu waumini wanataka asubuhi na wataalamu wanataka jioni.

Tulitoka pale, Mzee ametangulia. Alikwenda moja kwa moja zizini, akavuka ukuta, akaketi mchangani karibu na Shangazi. Mkwe wetu alikuwa pale anagonga msumari uliolegea. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Ofisi nzima ilikuwa ukumbini ikibishana kuhusu tarehe, wageni hakuna, askari wa getini anasinzia.

"Baba," alisema mkwe wetu, "tumtoe."

"Tumpeleke wapi? Kesho watauliza yuko wapi."

Mkwe wetu alitazama mabango, akatazama paa, akatazama lile giza. "Nani huwa anamtazama?" aliuliza. "Mimi nimekaa juu ya ngazi hii miezi. Wanasoma kulia, wanasoma kushoto, wanagombana, wanaondoka."

Kando ya ngazi yake palikuwa na karai lake la kuchanganyia zege, kubwa, la zamani, saruji imegandia mgongoni kwa mabonde na vilima. Alilinyanyua akalifunika juu ya mstari wa chokaa. Tukarudi nyuma nje ya ukuta tukatazama. Mzee alikodoa macho muda mrefu.

"Kichwa hakipo," alisema.

"Ameingiza ndani," nilisema. "Si ndivyo alivyo siku hizi?"

Nikaleta toroli langu la mizigo. Tulimpakia Shangazi sisi watatu, nikamfunika kwa kanga yangu, nikamsukuma mpaka chumbani kama mzigo wa mgeni. Nyuma ya chumba changu kuna uwanja mdogo wenye ukuta pande zote, ninapoanika matambara, ambao hauonekani kutoka kokote. Jua linaingia kutwa. Tukamshusha hapo. Hakutoa kichwa.

Kesho yake nilikaa dirishani roho mkononi. Kamati ya waumini ikaja. Mwenyekiti alisimama, akatazama kwenye mstari, akasema, "Mashaallah, mnyama mwenye adabu." Mmoja wao aliyekuwa mchungaji akasema, "Amina." Jioni Mtaalamu akatoka, akatazama, akaandika kitu kwenye simu yake. Mwalimu mmoja alileta darasa zima akawaeleza wanafunzi kwamba kobe hulala sana mchana, na wakamchora. Nilizipitia zile picha walipokuja kuchukua mikoba. Walikuwa wamelichorea karai miguu minne na tabasamu.

Kwa hiyo upande ule wa mbele hapakuwa na shida hata kidogo. Shida ilikuwa uani kwangu. Shangazi alikaa juani, gamba likawa la moto ukiligusa, lakini hakula. Mzee aliaga mbele kwamba anaenda kupumzisha mgongo, akawa anashinda nyuma, kakalia ndoo, anamtazama. Nilimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Tulimwogesha kwenye beseni. Siku zikapita. Mzee alianza kusema mambo ya kwamba tumechelewa.

Na kule mbele utulivu wa karai ulikuwa umeleta amani. Pande zote mbili zilitangaza kwamba, kwa kuwa kobe haegemei tena upande wowote, hakuna sababu ya kugombana. Mkurugenzi akaandaa sherehe ya mapatano. Akaalikwa Mheshimiwa, viti vikapangwa, vipaza sauti vikafungwa, na ikaandikwa kwenye ratiba kwamba mgeni rasmi atamlisha kobe.

Nilimpelekea Mzee ratiba hiyo uani. Mzee alisema, "Nitasimama pale. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nimesimama."

Siku ikafika. Zilitolewa hotuba mbili, urefu mmoja. Kisha Mheshimiwa akakabidhiwa jani la boga kwenye sahani, akainama juu ya ukuta, akalinyoosha ndani ya giza kuelekea karai. Akasubiri. Watu wote wakasubiri. Mpiga picha alipiga goti akasubiri. Mheshimiwa akabadilisha mkono.

"Hali," alisema.

Mwenyekiti alisogea. "Mheshimiwa, ni mnyama mwenye haya. Leo watu wengi."

"Ni kweli kabisa," alisema Mtaalamu, upande wa pili. "Na viumbe hawa wanaweza kukaa muda mrefu bila kula. Ndiyo siri ya kudumu kwao."

"Ndivyo walivyojaliwa," alisema Mwenyekiti.

"Nakubaliana na mwenyekiti."

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akaona aibu kurudi na jani, akaliweka juu ya karai, akalipigapiga kwa mkono wenye pete. Likalia kama kengele ya shule.

"Gamba gumu kweli," alisema Mheshimiwa.

"Miaka mingi," alisema Mtaalamu.

Lakini Mkurugenzi alikuwa karibu, na alikuwa na masikio. Aliinama akachungulia. Alikaa ameinama kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Alipoinuka alimtazama Mzee, na Mzee akatazama bati. Mkurugenzi akageukia kipaza sauti akasema, "Amelala. Karibuni vinywaji ukumbini."

Viatu vyake nilivisikia vinakuja chumbani kwangu kabla sijakaa vizuri. Mzee alikuwa nyuma yake, anachechemea.

"Yuko wapi?" aliniuliza. "Amekufa?"

Nikafungua mlango wa nyuma. Shangazi alikuwa kwenye kona ya ukuta, kichwa ndani, mbele yake tango na majani tuliyomtengea asubuhi. Mkurugenzi alisimama katikati ya matambara yangu yaliyoanikwa.

"Mmemfanya Mheshimiwa alishe karai," alisema. "Mzee, miaka yako yote hapa. Anarudi mbele sasa hivi, na nyie wawili tutazungumza baadaye."

"Akirudi kule anakufa, mama," Mzee alisema.

"Hata hapa sioni kama anaishi."

Hilo lilimkata Mzee. Akainama amnyanyue, mikono imezunguka gamba, na mimi nikainama upande wa pili. Basi tukiwa tumeinama hivyo, ule mguu wa mbele ukatoka. Mzee akaachia. Ukatoka na wa pili. Shangazi akainuka, akalipita tango, akayakanyaga majani ya boga kama hakuyaona, akaenda kwa mwendo wake kuvuka uwanja mpaka ukuta wa pili ambako jua lilikuwa limehamia. Kulikuwa na gugu limeota kwenye ufa wa sakafu, gugu ambalo nilikuwa nimekusudia kuling'oa. Alitoa shingo, akalipima, akaling'ata. Ukasikia mkato wake. Akatafuna, akameza, akang'ata tena.

Mzee alikaa chini kwenye saruji palepale. Alikuwa anafuta uso kwa kofia yake na kofia ilikuwa inalowa.

Mkurugenzi alitazama mpaka gugu likaisha. Kule ukumbini walikuwa wanamwita jina lake kwenye kipaza sauti. Akavuta ndoo ya Mzee, akaipindua, akaikalia, akavua kiatu kimoja akajisugua kisigino.

"Paa likitoka leo," alisema, kama anajisemea, "kesho wanaanza upya."

"Wataanza," nilisema.

"Wamepatana kwa sababu ya karai."

"Ndiyo, mama."

Alivaa kiatu. "Lile karai lina kutu upande mmoja, nimeliona," alimwambia Mzee. "Mwambie mkweo alipake rangi ya kahawia, na vimistari. Na wewe kila asubuhi usiache kwenda kulifagilia, watu wakuone kazini. Ulimwagie na maji kidogo. Kisha uje huku."

"Na wakiuliza mbona hali chakula?"

"Mwulize Mtaalamu akueleze. Au Mwenyekiti. Wanajua wote."

Akaondoka, viatu vikalia mpaka ukumbini, nikasikia makofi. Mzee aliinuka kwa kushika ukuta. Alikwenda kando ya mfereji wangu wa maji ya kufulia, ambako magugu yameota mengi zaidi, akaanza kuyachuma moja moja na kuyapanga kwenye kiganja, makubwa chini, madogo juu.

"Mama," aliniambia bila kugeuka, "kuna chakula chochote humo ndani? Nina njaa."